Wifi Yangu na Vikombe Alivyovitukana

Anaitwa Gonga-Usikie. Ni binti wa mfinyanzi ambaye vyungu vyake vilivuka mto vichwani mwa watu wasiomjua, mjukuu wa bibi aliyerudisha jembe dukani kwa sababu halikulia vizuri lilipogongwa jiwe, mke wa marehemu kaka yangu fundi bomba, mama wa watoto waliokula kwenye sahani za maua kabla hawajajua kuvaa viatu. Ni mvunja bei, mfufua masufuria, mwozaji wa vikombe yatima. Sifa hizi sikumpa mimi. Alizichuma mwenyewe sokoni, moja moja, juani na matopeni, na mimi wifi yake nilikuwepo nikimbebea kapu. Naandika nilichokiona.

Jina lenyewe alipewa na wauzaji wa vyombo vya mitumba. Akishika sahani haulizi bei. Anaiweka juu ya ncha za vidole, anaigonga ukingoni kwa kifundo cha kidole, kisha anaiinamia kama mtu anayenong'onezwa umbea. Sahani nzima huimba. Yenye ufa, hata ule usioonekana kwa macho, hukohoa. "Hii ina kifua," atasema, na kuirudisha taratibu kama anamlaza mgonjwa. Kiti hukikagua miguu juu, kama kuku. Anayeanza kwa kukikalia, asema, ameshalegezwa na hawezi tena kubishana. Sufuria huiweka kwenye sakafu tambarare: ikitikisika, huyo ni mlevi, mwache aende zake. Kabati hulinusa ndani kabla hajalitazama nje.

Kaka yangu alipomwoa, sisi dada zake tulikwenda kumtazama na midomo tumeinoa. Walikuwa wamepanga chumba kimoja, na kaka mshahara wake ulikuwa wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Tulijua tutakuta mkeka na sufuria nyeusi. Hee! Tulikuta meza iliyopakwa rangi ya maziwa, pazia jeupe lenye ukingo wa buluu, na chai tukapewa katika vikombe vyembamba ambavyo dada yangu mkubwa aliogopa kuvishika. Tulirudi na midomo butu. Njiani dada akasema, "Huyu ama ana pesa za kwao, ama ameiba." Hakuwa na pesa za kwao wala hakuiba. Nilikuja kuujua ukweli nilipoanza kufuatana naye.

Watu husema rahisi ni ghali. Methali hiyo wifi hakuikubali hata siku moja. "Rahisi ni ghali kwa mwenye haraka," husema. Yeye haraka hana. Wala hanunui seti. Vile vikombe vya kwenye boksi, vimejipanga kama askari wa gwaride, ni vya watu wenye pesa na wasio na subira. Yeye hununua yatima: kikombe kilichopoteza kisahani chake, bakuli lililosalia peke yake baada ya wenzake kuvunjikia katika nyumba za watu asiowajua, mfuniko usio na sufuria. Kitu kilicho peke yake, mwuzaji hukiona mzigo. Atakutupia karibu na bure, ilimradi kimwondokee turubaini. Wifi hukileta nyumbani, hukisugua kwa majivu na limau, hukiweka kabatini, anangoja. Mwaka huu au mwaka ujao, kwenye turubai jingine kabisa, atakutana na ndugu yake. Siku hiyo utamsikia tangu barabarani: "Wifi! Wifi we! Nimemwoza yule wa maua!"

Na kwa kuwa havitoki kiwanda kimoja, alijiwekea sheria moja. Nyumba ichague rangi moja ya kuipenda, vingine vyote vitatii. Yake ni buluu. Buluu iliyokoza, buluu iliyopauka, mstari tu wa buluu ukingoni, vyote huingia. Ukivitazama kabatini mwake unaona kwamba havikuzaliwa na mama mmoja, lakini vimelelewa nyumba moja.

Sheria ya pili ndiyo iliyotaka kutuua. Wifi husema: "Ukikipenda kitu, kitukane. Ukikisifu mbele ya mwenyewe, umeshakilipa mara mbili." Na kile asichokitaka, hukipamba kwa maneno ya asali. Amefanya hivyo miaka mingi mpaka imemwingia kwenye damu. Nakumbuka alipomzaa mtoto wake wa mwisho, nesi alimwinulia kichanga amwone, naye akasema, "Pua gani hii, kama kifungo cha koti kuukuu." Nesi alikasirika. Mimi nilijua mtoto amependwa.

Mtoto huyo ndiye Kitinda, na habari yenyewe inamhusu yeye.

Kitinda alipika katika majiko ya watu tangu alipomaliza shule. Alipika hospitalini, akapika hotelini, akapika kwenye bweni la chuo, na kote alikopika wakubwa walisifiwa wao. Alitaka mgahawa wake. Si mkubwa, pa chai, mkate, mayai na supu, lakini pawe pazuri, mtu aliyetoka kumwangalia mgonjwa akikaa ajisikie amepokelewa. Alipata chumba cha kona kwenye barabara iendayo hospitali. Ila mwenye chumba alikuwa na sharti.

Huyo alikuwa fundi saa mstaafu, mzee mnyamavu mwenye kofia, na chumba hicho ndicho alichofanyia kazi maisha yake yote. Mpangaji aliyepita alikaangia humo mpaka kuta zikawa nyeusi kama ndani ya bomba la moshi. Mzee akaapa kwamba hatarudia. Alimwambia Kitinda, "Chukua ufunguo wiki hii. Weka vyombo vyako, pamba. Ijumaa nitakuja kuona. Kikipendeza ni chako. Kisipopendeza, kuna fundi betri anakitaka, na yeye angalau hakaangi."

Kitinda alikimbilia dukani, lile duka jipya lenye milango ya vioo. Mlinzi alimfungulia mlango kama mheshimiwa. Alitoka kama mtu aliyefumaniwa. Alikuja kwa mama yake, akajitupa kwenye kiti.

"Mama, vikombe vya pale vinauzwa kama vinataga mayai."

"Waache wavikalie basi, vitaangua."

"Mama, sitanii! Akiba yangu yote inatosha vikombe na meza moja. Watu wanywe chai wamesimama?"

Wifi aliinuka. Alikwenda kwenye kabati lake, lile kubwa la chumbani ambalo hata marehemu kaka hakuruhusiwa kulifungua bila kunawa, akafungua milango yote miwili. Yatima walikuwa wamejaa humo. Vikombe vyenye mstari, vyenye maua, vyenye vitone, vya buluu vyote, miaka na miaka ya yatima waliokwisha kuozwa. Kitinda alivikulia vikombe hivyo bila kuviona.

"Hivi nilikuwa nakungojea wewe," alisema mama yake. "Vinene mno lakini. Kwangu vimenichosha." Na alivishika kwa namna iliyonifanya mimi nitazame pembeni.

Vikombe basi vilikuwepo. Sahani hazikuwepo, viti havikuwepo, mapazia hayakuwepo, na wiki ilikuwa inakwenda. Kesho yake tukaenda watatu kwa Babu Kreti.

Babu Kreti ni mwuzaji wa vyombo tangu tungali wasichana, na jina lake amelipata kwa kukalia kreti la soda ambalo limeshachukua umbo lake. Alipomwona wifi alisugua mikono.

"Karibu, adui yangu! Mzigo umefunguliwa asubuhi hii. Vyombo vya matajiri, havijawahi kuona njaa."

"Shikamoo, babu. Mimi nimepita tu. Miguu imenileta, pesa zimelala."

"Marahaba. Ndivyo ulivyosema ulipoichukua meza yangu ya mninga."

"Ile meza? Naanikia viatu."

Meza hiyo naijua mimi. Hakuna mwanadamu aliyewahi kuiwekea kitu cha moto.

Katikati ya turubai palikuwa na rundo la sahani nyeupe zenye ukingo wa buluu iliyokoza, kubwa, nzito, za kula mtu akashiba kwa kuzitazama. Wifi alizipita kama ambaye hajaziona. Alisimama mbele ya jagi la jogoo, baya, kishungi chekundu, mdomo wazi wa kutapikia maji.

"Lo, jagi zuri hili! Angalia, wifi, jogoo mzima! Bei gani, babu?"

Babu Kreti akataja bei ya jogoo hai na watoto wake. Wifi akashusha pumzi, akaligusa kishungi kwa huzuni, akageuka kama anaondoka. Ndipo mguu wake ukalikuta lile rundo, kwa bahati mbaya.

"Na hizi? Watu bado wanakula kwenye vitu kama hivi? Ukingo wenyewe kama jeraha la juzi."

"Usizitukane, mama, zitalia."

"Zilie." Akainua ya juu, akaigonga. Ikaimba mpaka muuza vitunguu wa jirani akageuka. "Umesikia kilio hicho? Nani atakula akililiwa namna hiyo?"

Hapo Kitinda, ambaye tulikuwa tumemkanya asifungue mdomo, alizitazama sahani zile, akasahau yote.

"Mama, lakini hizi ni nzuri mno!"

Babu Kreti alitabasamu mpaka jino la dhahabu likaonekana.

"Msamehe," wifi alisema haraka. "Macho yanamsumbua. Tunampeleka kwa daktari wiki ijayo."

"Huyu umemzaa wewe kweli? Mbona anasema kweli?"

"Kamfuata baba yake."

Walivutana pale, yeye akizitukana sahani, Babu Kreti akizitetea kama wakili, mpaka watu wakajaa kutazama. Mwishowe sahani zikaingia kapuni kwa bei ambayo Kitinda aliposikia alifunika mdomo kwa kanga. Tulipokuwa tunaondoka Babu Kreti alinivuta kando. "Dada, wateja wengine hunisifia mali yangu wakaenda zao mikono mitupu. Huyu akianza kuitukana, mimi natafuta chenji."

Tulifanya kazi wiki ile kama watu wanaofukuzwa. Kuta tulizisugua kwa sabuni na mchanga, kisha Kitinda akazipaka chokaa. Viti wifi aliviokota huku na huku, kila kimoja na ukoo wake: kimoja cha darasani, kimoja cha kinyozi, kingine kilikuwa na mgongo tu na miguu ikawekwa upya na seremala. Vyote vilipakwa buluu moja, vikawa ndugu. Mlango wa zamani uliotupwa nyuma ya karakana uliwekwa juu ya mapipa mawili, ukafunikwa kitambaa, ukawa kaunta. Mapazia niliyashona mimi mwenyewe, kwa shuka za mtumba zenye tarizi ukingoni, mshono usioonekana, maana mikono yangu bado inajua kazi yake. Alhamisi jioni tulisimama mlangoni watatu, tukatazama. Usione vyaelea, vimeundwa. Mtu asingeamini kwamba kila kitu mle ndani kiliwahi kukataliwa mahali.

Ijumaa fundi saa alikuja.

Kitinda alikuwa nyuma anachemsha chai. Wifi alikuwa kwenye kigoda mbele ya rafu, anafuta vikombe ambavyo havikuwa na vumbi. Mzee alivua kofia, akaweka mikono nyuma, akainama kutazama. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Vikombe vizuri hivi," alisema. "Au unasemaje, mama?"

Maskini wifi yangu. Miaka yote hiyo, mwanamume akisimama mbele ya vyombo akavisifu, huyo ni mwuzaji. Hakufikiri. Mdomo wake ulianza wenyewe, kama kinanda kilichokazwa springi.

"Vizuri wapi? Mdomo mnene kama wa ng'ombe anayecheua. Na mkono wake, kama sikio lililovutwa na mwalimu. Chai ikitiwa humu inaona haya."

Mzee aliinua nyusi. "Kumbe. Na viti?"

"Viti! Kila kimoja kimetoka kwenye ajali yake. Ukikikalia, usicheke."

Nilimkanyaga mguu. Alidhani namtia moyo.

"Wifi huyu ni shahidi. Muulize habari ya mapazia! Mimi nilitaka kuyafanya matambara ya kudekia."

Mapazia yangu! Nilipigwa na butwaa hata sauti ikanipotea, na mimi si mtu wa kupotewa na sauti. Mzee alinitazama, akakuta mdomo wangu uko wazi na hautoi kitu, akaona hiyo nayo ni kukubali.

Alivaa kofia yake pole pole. "Ahsante, mama. Ni nadra mzazi kusema kweli juu ya kazi ya mwanawe." Kitinda alikuwa ndiyo kwanza anatokea na sinia la chai. Mzee akamwambia, "Binti, nitafikiri. Fundi betri anakuja kesho saa nne kuchukua jibu." Akatoka bila kuonja.

Kitinda aliweka sinia chini. "Mama. Umemwambia nini?"

"Nilikuwa..." Wifi alikitazama kikombe mkononi mwake kama amekikuta hapo. "Nilikuwa napatana naye bei."

"Bei ya nini, mama? Leo sisi ndio wauzaji!"

Hapo ndipo lilipomwingia. Sijapata kumwona mwanamke yule akikosa neno, hata siku ya kumzika kaka yangu alikuwa na neno la kutufariji. Siku ile alikaa juu ya kigoda chake na mikono mapajani. Kitinda hakumfokea. Alikwenda nyuma, tukamsikia anaosha chungu ambacho kilikuwa safi.

Jioni nilimkalisha wifi kwangu. Nilikuwa nimeshasamehe habari ya mapazia, au nilikuwa naelekea kusamehe.

"Kesho asubuhi tunakwenda kwake," nilimwambia. "Utasema ukweli. Jaribu. Sema: vikombe ni vizuri."

"Vikombe... havijambo."

"Havijambo ni salamu. Sema vizuri."

"Vina afadhali."

"Afadhali ni ya mgonjwa! Vi-zu-ri."

"Wifi, nikisema hivyo vitavunjika."

"Basi sema mapazia ni mazuri. Mapazia hayavunjiki."

Alinitazama kwa jicho la pembeni. "Hayo mapazia unataka yasifiwe kwa ajili ya mtoto au kwa ajili yako?" Tukacheka mpaka tukashika mbavu, kisha akalia kidogo, kisha akajaribu tena. Alipoondoka alikuwa ameweza kusema "vikombe vinapendeza" mara moja, akiwa amefumba macho.

Asubuhi tulimkuta fundi saa barazani kwake, anakunywa chai na mkate. Alitukaribisha kwa heshima, akatupa viti. Kitinda alikaa ukingoni mwa kiti chake kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Wifi alikohoa, akafumba macho.

"Baba, shikamoo. Nimekuja kusema jambo. Vile vikombe..."

Akafumbua macho, na macho yakaangukia mezani. Palikuwa na birika la shaba. Shingo ndefu, mkono wa mbao, kibonyeo kidogo tumboni. La zamani, la kazi ya mkono. Nilisema moyoni, tumekwisha.

Alilinyakua hata kabla hajaomba radhi. Akaligonga. Likatoa mlio mmoja mrefu, mtamu.

"Birika gani hili!" alisema wifi. "Shingo kama ya bata anayeumwa koo. Tumbo limebonyea kwa njaa. Mtu mzima na heshima zake ananywea chai kitu kama hiki? Tazama mkono wake, umekauka kama kuni ya mwaka juzi."

Fundi saa aliacha kutafuna. "Baya?"

"Baya sana, baba. Nakuonea huruma."

"Basi liweke chini."

Hakuliweka. Alikuwa amelikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, kidole gumba kinapapasa kile kibonyeo.

Mzee aliangalia mdomo wa wifi, akaangalia mikono yake, akarudi kwenye mdomo. Na Kitinda, ambaye hakuwa ametabasamu tangu jana, akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa kanga, wapi. "Baba, nisamehe," alisema machozi yakimtoka. "Mama yangu hajui kukisifu kitu anachokitaka. Akikisifu kitu ujue anakiacha. Mimi mwenyewe nimekua naitwa kifungo cha koti kuukuu."

"Kwa hiyo jana," mzee alisema taratibu, "vile vikombe vya mdomo wa ng'ombe..."

"Hakuna vyombo anavyovipenda duniani kama vile. Alivikusanya kimoja kimoja, tangu sijazaliwa."

"Na mapazia?" Alinigeukia mimi.

"Mapazia ni mazuri," nilisema. Mimi mdomo wangu hauna kasoro hiyo.

Mzee aliweka mkate wake chini. Alikuwa amefanya kazi na saa miaka mingi, na saa, alituambia, uso wake unaweza kusema adhuhuri huku ndani imesimama tangu juzi. Yeye hakuwahi kuamini uso, alifungua nyuma. Kisha akamtazama wifi moja kwa moja.

"Na chumba changu, mama? Unakionaje?"

Kitinda akaacha kucheka. Akikitukana, mzee atacheka lakini nani ajuaye, chumba ni chake, alikaa humo ujana wake wote. Akikisifu, si tumeshasema kwamba anachokisifu hakitaki?

Wifi aliliweka birika mezani. Aliliweka vizuri, mkono wake ukielekea kwa mwenyewe.

"Baba," alisema, "nimekikagua wiki nzima. Nimegonga kuta, nimenusa pembe, nimelala chini kuangalia sakafu. Dirisha linapokea jua la asubuhi, la mchana halisumbui. Pale ulipokuwa unaweka meza yako ya kazi, sakafu imelainika kwa miguu yako, na kaunta ya mwanangu tumeiweka papo hapo kwa sababu hapakuwa na mahali pengine palipofaa zaidi. Nimekitafutia tusi, baba. Sikulipata." Akavuta pumzi. "Haya, nimeshakisifu mbele yako. Pandisha kodi, nimeyataka mwenyewe."

Fundi saa alitoa leso, akafuta miwani ambayo haikuwa na kitu. "Kodi ni ile ile," alisema. "Na wewe usijaribu kuitukana, nimeshakujua. Binti, ufunguo kaa nao."

Kitinda alipiga magoti pale pale barazani. Mimi nilipiga kigelegele kimoja tu, kifupi, kwa heshima ya majirani. Wifi tayari alikuwa ananyoosha mkono.

"Na hili birika, baba?"

"Hilo lilikuwa la mama yangu. Hapana."

Ni kitu pekee ninachokijua mimi ambacho Gonga-Usikie alikitukana akakikosa. Mpaka leo akipita pale huuliza hali yake.

Fundi betri alipewa pole na kikombe cha chai ya bure, akageuka mteja. Mgahawa ulifunguliwa na ukajaa. Manesi wanakuja wakitoka zamu, ndugu wa wagonjwa wanakuja na chupa zao za chai, wanafunzi wanakuja kugombea kile kiti cha kinyozi. Wateja huuliza, "Dada, vikombe hivi umenunua duka gani?" na Kitinda hucheka tu, maana ataanzia wapi? Mama yake hukaa mezani karibu na dirisha akifuta vyombo. Tumekubaliana kwamba mteja akimwuliza chochote juu ya vitu vya mle ndani, yeye aanze kukohoa, mimi nijibu.

Majuzi tulikuwa tunafunga. Siku hizi sahani za supu hazitoshi. Mtu anakaa akisubiri ya mwenzake ioshwe, na supu inapoa chunguni. Wifi alimwita Kitinda, akamkalisha, akamwekea kapu lake magotini. Kapu lile halijawahi kubebwa na mtu mwingine ila mimi, na mimi nilikuwa punda wake tu, si mrithi.

"Kesho umefunga mgahawa, na Babu Kreti anafungua mzigo," alimwambia. "Magoti yangu hayataki tena kuchuchumaa. Utakwenda wewe."

"Mimi, mama? Mimi nikikipenda kitu, uso wote unasema."

"Basi nenda alfajiri, asikuone uso vizuri."

"Na nikikosa la kutukana?"

"Utalipata. Kila kitu kina pua yake." Alimrekebishia kanga begani. "Sahani za supu, zenye kina, buluu. Usiniletee seti. Ukipata moja leta moja, wenzake watakuja nyuma, hata kama ni wewe utakayewaona na si mimi. Igonge, uisikilize mpaka inyamaze, usiiondoe sikioni kabla. Na viatu hivyo vya kisigino viache hapa hapa. Mwuzaji akisikia kisigino, anapandisha bei hujafika."